Nimerudia mbegu chotara, gunia 24 zikawa 15. Nimekosea wapi?

*Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi nalima mahindi huku Mbozi, Songwe. Msimu wa mwaka juzi nilijibana nikanunua mfuko wa kilo 10 wa mbegu chotara, nikapanda ekari moja, DAP ya kupandia na urea ya kukuzia, nikavuna gunia 24, sijawahi kuona maishani. Nikasema hii mbegu siiachi. Nikachagua mahindi makubwa makubwa kama 60 hivi, nikayaning'iniza jikoni juu ya moshi, msimu uliofuata nikapanda hayo hayo. Shamba lile lile, mbolea ile ile, mvua nzuri tu. Yaliota kwa mapengo mapengo, halafu mengine marefu mengine mafupi, mengine yamebeba hindi moja dogo kama la mtoto kuchezea. Nimepata gunia 15. Jirani anasema kampuni wanaweka dawa kwenye mbegu ili isirudiwe, mwingine anasema hiyo ni GMO ndio maana imekufa. Mbegu mpya bei imepanda na mimi nina watoto shule. Je ni kweli wanaweka dawa? Na siwezi kuchanganya mbegu zangu mwenyewe nikapata chotara yangu?*

Marahaba ndugu yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana umeandika vitu ambavyo wengi huwa wanaviacha, idadi ya mahindi uliyochagua, ulivyoyahifadhi, na hayo mapengo. Nitarudi kwenye mapengo, yana maneno yake.

Nianze na hizi habari za dawa na GMO tuziondoe mezani. Ile rangi ya pinki au kijani uliyoikuta kwenye mbegu dukani ni dawa kweli, ila ni dawa ya kuzuia fangasi na wadudu wa udongoni wasiile mbegu kabla haijaota. Imepakwa kwa nje. Usiile, usimpe kuku, nawa mikono ukimaliza kupanda, lakini haiwezi kutembea ikaingia kwenye mahindi utakayovuna miezi sita baadaye ikayaharibu uzazi. Hilo la mbegu kufungwa isizae lina asili yake, sio kwamba jirani yako kaota tu. Mwaka 1998 kule Marekani kampuni moja ya mbegu za pamba pamoja na wizara yao ya kilimo walipewa hati miliki ya njia ya kufanya mbegu ya kizazi cha pili isiote kabisa. Dunia ikapiga kelele, mwaka 2000 nchi zilizo kwenye mkataba wa bioanuwai zikakubaliana isitumike, na mpaka leo haijawahi kuuzwa kwa mkulima yeyote. Na wewe mwenyewe ushahidi unao mkononi, mbegu yako IMEOTA, imebeba, umevuna gunia 15. Mbegu iliyofungwa uzazi isingekupa hata debe.

GMO nayo ni habari nyingine kabisa. GMO ni pale mtu anapoingiza au kubadilisha jeni maabara. Chotara ni ndoa ya kawaida tu, chavua ya hindi moja inaangukia kwenye ndevu za hindi jingine, jambo ambalo mahindi yamekuwa yakilifanya tangu yapo. Tofauti ni kwamba kuna binadamu amekaa pale akaamua nani amuoe nani. Duka lako la pembejeo huko Mbozi halina mahindi ya GMO, we nunua bila hofu hiyo.

Sasa tuje kwenye kiini, kwanini chotara inakuwa na nguvu kiasi kile halafu mtoto wake analegea.

Kila mmea wa hindi una nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba, zimepangwa kwenye kromosomu jozi 10. Jeni chukulia kama kifaa cha kazi nyumbani. Kwenye mahindi kuna maelfu ya vifaa hivyo, na vingi kati yake viko na nakala mbovu zinazozunguka kwenye ukoo, jembe limekatika mpini, panga butu, ndoo imetoboka. Mmea ukiwa na jembe moja zima na moja bovu mara nyingi kazi inaenda tu, lile zima linatosha. Tatizo ni pale nakala zote mbili zinapokuwa mbovu, hapo shughuli hiyo inasimama au inakwenda kwa kuchechemea.

Anachofanya mtafiti ni kitu ambacho ukikiona unaweza kusema amechanganyikiwa. Anachukua hindi analichavusha kwa chavua yake lenyewe, mtoto naye anachavushwa kwa chavua yake mwenyewe, hivyo hivyo vizazi sita, saba, nane. Kila kizazi nusu ya zile jozi zilizokuwa na nakala mbili tofauti zinakuwa na nakala zinazofanana, mpaka mwisho unapata ukoo ambao mimea yake yote inafanana kama mapacha, na kila jeni nakala zake mbili ni zile zile. Sasa hapo ubovu wote uliokuwa umejificha unatoka nje. Mimi nimefanya kazi kwenye mashamba hayo miaka mingi na nakwambia wageni wakija wanatuonea huruma, wanadhani tumesahau kuweka mbolea. Mimea imefika kifuani tu wakati chotara iko juu ya kichwa, bua jembamba, majani yamepauka, hindi lenyewe unalifunika kwenye kiganja likapotea. Asubuhi saa tatu, nne hivi umande ukishakauka ndio unaanza kazi, unavua mfuko wa khaki uliouvisha mbelewele tangu jana, unagonga chavua iingie mfukoni, unga wa njano mpaka puani, unakimbia kuumwaga kwenye ndevu za hindi ambalo nalo ulilifunika mapema lisije likapata chavua ya barabarani. Ukichelewa jua likawa kali chavua inakufa. Ndivyo ukoo safi unavyotengenezwa, mfuko mmoja mmoja.

Halafu ndio inakuja ajabu yenyewe. Chukua ukoo A dhaifu na ukoo B dhaifu, ambao hawana undugu wa karibu, waoze. Ukoo A majembe yao mazima lakini mapanga yote butu. Ukoo B mapanga makali lakini majembe yote yamevunjika. Mtoto wao anarithi jembe zima kwa mmoja na panga kali kwa mwingine, na hivyo hivyo kwenye maelfu ya vifaa vingine. Huyo mtoto ndiye F1 unayeuziwa kwenye mfuko. Anaota haraka, anafunga shamba, anabeba hindi la kushika kwa mikono miwili. Mmarekani George Shull aliliandika hili mwaka 1908 baada ya majaribio yake ya mahindi kule Cold Spring Harbor, na mwaka 1914 akaipa hiyo nguvu jina la heterosisi. Kuna wanaobisha, na wana haki kidogo, kwamba sio kila kitu ni kuficha ubovu tu, kuna mahali kuwa na nakala mbili tofauti kunazidi kuwa na mbili nzima zinazofanana. Mwaka 2010 watafiti wa nyanya walionyesha jeni moja tu ambayo ikiwa nakala moja inafanya kazi na nyingine haifanyi, mnyanya unazaa zaidi kuliko ukiwa na zote mbili nzima. Hiyo ipo. Ila kwenye mahindi sehemu kubwa ya nguvu inaelezeka na hii habari ya ukoo mmoja kuficha ubovu wa mwingine.

Mtu mwerevu hapa anauliza, si muunganishe tu vile vizima vyote kwenye ukoo mmoja mkulima apande milele? Ningekuwa na uwezo huo ningelala usingizi mzuri sana. Hebu tufanye hesabu. Ukichukua watoto wa F1, kwa kila jeni ni mmea mmoja kati ya minne unaopata nakala mbili nzima. Kwa jeni mbili, mmoja kati ya 16. Kwa jeni 20 tu, ambazo si chochote ukilinganisha na zilizopo, ni mmea mmoja kati ya trilioni moja na ushee. Ekari moja inaingia mimea kama elfu 18 ukipanda sentimita 75 kwa 30, kwahiyo ungehitaji ekari zaidi ya milioni 60 ili uupate huo mmoja, na bado ungetakiwa uutambue ulipo. Halafu kuna jeni nzima na jeni mbovu zimekaa jirani kabisa kwenye kromosomu moja, ukivuta moja na nyingine inakuja. Watafiti wanasogea kidogo kidogo, koo za leo ni bora sana kuliko za enzi za Shull, na kwa kweli sehemu kubwa ya mavuno yalivyoongezeka imetoka huko, kwenye wazazi kuboreshwa. Lakini bado wazazi wakioana mtoto anawazidi.

Sasa kwako. Msimu ule wa gunia 24 shamba lako lilikuwa limejaa F1. Zikachavushana zenyewe kwa zenyewe, na mahindi uliyovuna, yani zile punje, ni F2. Kwenye F2 vifaa vinagawanywa upya kama kadi. Mtoto mmoja kapata majembe mawili mazima, mwingine moja moja, mwingine kabeba mabovu yote mawili. Ndio maana umeona marefu na mafupi kwenye mstari mmoja. Sio ugonjwa huo, ni familia imejitokeza na sura zake zote.

Na hapa naomba usikasirike. Yale mahindi makubwa 60 uliyoyachagua kwa umakini, uchaguzi ule haukusaidia kitu kikubwa. Ukiwa na chotara ya wazazi wawili, mimea yote shambani ina jeni zile zile kabisa. Hindi kubwa kwenye shamba hilo halina damu bora, lina bahati, liliota pembeni likapata mwanga, au samadi ya msimu wa nyuma iliangukia pale, au jirani yake hakuota. Umechagua mahali, hukuchagua mbegu. Mimi mwenyewe nilishamponza mama yangu mzazi kwa hili. Nikiwa ndio nimeanza kazi nilimpelekea mbegu F1 kijijini, nikajisikia mtoto wa maana, nikasahau kumwambia asirudie. Akachagua mahindi mazuri kama alivyofundishwa na mama yake, maana kwa mbegu za kienyeji huo ndio ujuzi sahihi kabisa, akayapanda. Nilipokwenda akanipeleka shambani hakusema kitu, akanyoosha mkono tu. Akaniuliza, "Haya, nisomee hapa, chuo walikufundisha nini?"

Sasa hesabu ya gunia zako, maana kuna kitu hakijakaa sawa na nataka ukione. Watu wanasema chotara ukiirudia inapungua nusu kila mwaka. Si kweli kwa mahindi. Mwaka 1922 mtaalamu wa jeni Sewall Wright alitoa kanuni nyepesi, kwamba kizazi cha pili kinapoteza kiasi unachopata ukigawanya ile faida ya uchotara kwa idadi ya koo zilizotumika kuitengeneza. Tuseme koo zenyewe zikipandwa peke yake zingekupa gunia 7 kwenye ekari yako. Chotara imekupa 24. Faida ya uchotara ni 17. Kama ilitengenezwa na koo mbili, unapoteza nusu, gunia 8 na nusu, unabaki na 15 na kitu. Kama ni koo tatu, yani mtoto wa koo mbili akaozwa tena na ukoo wa tatu, unapoteza kama theluthi, gunia 6 hivi, unabaki na 18. Koo nne unapoteza robo, unabaki karibu na 20. Hiyo 7 ni makadirio yangu lakini haiko mbali na hali halisi.

Umepata 15. Kwahiyo kama mbegu yako ilikuwa ya koo mbili, hesabu imefunga, hakuna mchawi. Lakini mbegu nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki zimekuwa ni za koo tatu, na kama yako ni hiyo basi kuna gunia kama tatu hazikuondoka na uchotara, zimeondoka na yale mapengo. Unaweza kukumbuka mwenyewe, msimu wa kwanza mbelewele zilitoka siku moja na zikawa usawa mmoja kama zimekatwa na mkasi? Hiyo inaelekea ni ya koo mbili. Zilikuwa na tofauti kidogo ya urefu? Basi huenda ni tatu. Jina la mbegu likiwepo kwenye mfuko mtu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole anaweza kukwambia mara moja.

Mapengo yenyewe nadhani ni jikoni. Moshi unafukuza fukusi vizuri, wazee hawakukosea, lakini mahindi yakiningʼinizwa karibu sana na moto kabla hayajakauka vizuri kiini cha mbegu kinapikwa taratibu. Ukitaka kujua, chukua punje 100 za akiba yako, zifunge kwenye gunia bichi au kitambaa, nyunyizia maji kidogo kila siku, siku ya saba hesabu. Zikiota 90 uko vizuri. Zikiota 65 basi kila ukipanda mashimo 100 unajitengenezea mapengo 35, na pengo halina mbolea ya kulitibu.

Kitu kingine cha kukutia moyo, ukipanda tena hiyo F2 haishuki tena kwa kiasi kile. Mahindi yanachavushana ovyo kwa upepo, kwahiyo mshuko mkubwa unatokea mara moja tu, kutoka F1 kwenda F2, baada ya hapo yanatulia hapo hapo, mradi uchukue mbegu kwenye mahindi mengi. Ukichukua mahindi matano tu kila mwaka kwa sababu yalikuwa makubwa, hapo unaozesha ndugu kwa ndugu na utashuka kweli. Wewe ulichukua 60, hapo hukuharibu. Na sitakwambia kurudia ni dhambi. Kuna mwaka mtu hana hela, anapanda alichonacho, familia inakula. Ila ujue unalipa, haulipi dukani unalipa ghalani. Msimu ule uliokoa bei ya mfuko mmoja wa kilo 10 ukapoteza gunia 9, au tuseme 6 kama tatu ni za mapengo. Piga bei ya gunia huko kwenu wakati wa mavuno, sio bei ya Februari njaa ikiwa imekaza, halafu linganisha na mfuko. Kwa mtu anayeweka mbolea na mvua ya Mbozi ilivyo, mimi sijaona msimu ambao bei ya mfuko inazidi ya gunia sita.

Lakini huo ni upande mmoja. Kama ungekuwa unaniandikia kutoka mahali pa mvua ya kubahatisha, mbolea huna, na unategemea kuvuna gunia sita saba, ningekwambia achana na chotara, nunua mbegu iliyoboreshwa ya kuchavushwa wazi, zile wanazoita OPV, kama Staha au Situka. Hizo hazikutengenezwa kwa ndoa ya koo mbili, ni kundi zima la mahindi lililochujwa kwa miaka, vifaa vyake tayari vimechanganyika. Unarudia misimu mitatu bila kuona tofauti kubwa. Na huko ndiko ujuzi wa mama yangu unafanya kazi, chagua mimea yenye afya ikiwa bado imesimama, ifunge kitambaa, isiwe pembeni mwa shamba karibu na mahindi ya jirani, chukua mahindi 100 na zaidi ukiweza, kausha juani vizuri, halafu weka kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Chotara inashinda tu pale shamba linapoweza kuilisha. Ukiinyima mbolea ni kama kumnunua ng'ombe wa maziwa wa kisasa halafu unamfungia kwenye majani makavu.

Na uniruhusu niseme hata ubaya wa chotara kwa upande wetu watafiti. Shamba zima likiwa pacha, adui akimpata mmoja kawapata wote. Marekani mwaka 1970 sehemu kubwa sana ya mahindi ya chotara ilikuwa imetoka kwenye aina moja ya mama, mama ambaye mbelewele zake hazitoi chavua, walimpenda kwa sababu aliwaokolea gharama ya kulipa watu wa kung'oa mbelewele. Ukaja ugonjwa wa majani ulioipenda hiyo aina, wakapoteza karibu asilimia 15 ya mahindi ya nchi nzima kwa msimu mmoja. Kwahiyo mbegu za kienyeji usizitupe zote, acha mistari kadhaa nyuma ya nyumba. Sisi tunazirudia kuzitafuta tukiwa na shida.

Sasa lile swali lako la mwisho, unaweza kutengeneza chotara yako mwenyewe? Jibu ni kwamba inawezekana, na mfano upo jirani tu hapo Kenya. Miaka ya 50 mwishoni mtafiti Michael Harrison akiwa Kitale alileta mahindi kutoka Amerika ya Kati na ya Kusini, mojawapo likiitwa Ecuador 573. Lenyewe halikuwa la ajabu pale Kitale. Lakini walipolioza na mahindi ya pale waliyoyaita Kitale Synthetic II, mtoto akawazidi wazazi vibaya sana, karibu asilimia 40 juu ya lile la nyumbani. Mwaka 1964 likatoka kwa wakulima kwa jina la H611. Sasa angalia, hakukuwa na koo safi hapo, wazazi walikuwa makundi mawili ya kawaida yaliyoishi mbalimbali muda mrefu, huyu milima ya Ecuador, huyu Bonde la Ufa. Umbali wa undugu ndio ulioleta nguvu, kila upande ubovu wake ulikuwa tofauti. Na kwa kuwa wazazi wenyewe hawakuwa dhaifu, aliyeirudia H611 hakuanguka kama ulivyoanguka wewe.

Kwahiyo kwa nyumbani unaweza kuchukua OPV mbili zenye asili tofauti zinazochanua kwa wakati mmoja, ukapanda mistari minne ya mama na miwili ya baba, mahali ambapo hakuna mahindi mengine ndani ya mita 200 na zaidi, halafu kila siku asubuhi kwa wiki mbili unapita kwenye mistari ya mama unang'oa mbelewele kabla haijaachia chavua. Kila siku, hata Jumapili, hata kuna msiba. Mimea michache ikikuponyoka imejichavusha yenyewe na kazi imeharibika. Unavuna mistari ya mama tu kuwa mbegu. Nguvu utaipata, ila ya kiasi, isiyofika ile ya kwenye mfuko, na kila mwaka lazima urudie upya. Huko Mbozi ambako kila mtu kapanda mahindi mpaka mlangoni, hiyo mita 200 utaitoa wapi? Kama mtoto wako wa sekondari anasoma baiolojia mfanyie kwenye kipande kidogo, atajifunza kuliko darasani. Kulisha familia kwa hiyo, mimi singekushauri. Na usiiuze kama mbegu, bila kusajiliwa na kukaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayodhibiti ubora wa mbegu, hilo ni kosa kisheria.

Nikupe ahueni moja pia, hasara hii haiko kwenye kila zao, watu wanachanganya. Maharage yanajichavusha yenyewe, mpunga vivyo hivyo, SARO 5 ukiitunza isichanganyike unairudia bila wasiwasi. Mihogo, viazi na migomba tunapanda kipande cha mwili, hakuna ndoa mpya, nguvu yote inahama na kipande, mnachoogopa huko ni magonjwa tu. Nyanya zilizoandikwa F1 ndizo zitakufanyia kama mahindi, ukikamua mbegu zake utapata nyanya za kila sura. Alizeti soma mfuko, Record ni ya kurudia, za chotara hapana.

Msimu huu mimi ningefanya hivi kama ni wewe. Ekari isipungue, lakini kama hela ya mfuko wa kilo 10 haipo nunua kilo 4 au 6 za chotara uzipande sehemu yenye rutuba na mbolea ya kutosha, sehemu iliyobaki weka OPV ambayo mwakani utairudia. Hiyo akiba yako ya F2 saga, ni unga mzuri kabisa. Ukinunua, kwangua lebo ya TOSCI hapo hapo dukani uhakiki namba kabla hujatoa hela, na mfuko pamoja na risiti usivitupe mpaka umevuna.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi. Kama umepanda mbegu mpya kabisa kutoka kwenye mfuko uliofungwa na bado ukaona marefu na mafupi kama mwaka jana, hiyo sio F2 yako, inawezekana umeuziwa nafaka iliyopakwa rangi, mpigie afisa ugani aje aone shamba likiwa bado limesimama, ukishavuna ushahidi umekwisha. Kama majani yanaanza kuwa njano kuanzia pembeni yakielekea ndani na mmea unakauka kutoka juu kabla ya kubeba, usisubiri, kuna ugonjwa wa virusi ulioripotiwa Kenya mwaka 2011 kule Bomet ukasambaa ukanda huu, na mimea hiyo usichukue mbegu hata punje moja. Na kama gunia zinashuka hata kwa mbegu mpya na mbolea ile ile, peleka udongo ukapimwe Uyole, maana DAP na urea miaka nenda rudi zinaongeza asidi ardhini na hapo chotara wala kienyeji vyote vitakulalamikia. Beba udongo kutoka sehemu kama 10 za shamba, uchanganye kwenye ndoo safi, sio ile uliyokorogea mbolea, kilo moja inatosha.